Kodi ya mapato: sheria inalazimisha, au tunalipa kwa mazoea?

Swali la Ibara
Ndugu zangu, ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutoza kodi yoyote ambayo haikuwekwa kwa sheria ya Bunge. Basi nionyesheni kifungu kinachomlazimisha mkaazi wa Tanzania kulipa kodi ya mapato. Sitaki kuambiwa ni uzalendo. Uzalendo si kifungu. Na Mkapa alishawahi kuifuta kodi, 2003 kama sikosei, na nchi ikaendelea.

Wakili wa Mtaa
Unakosea. Kilichofutwa 2003 ni kodi ya maendeleo, ile ya halmashauri iliyokuwa ikikimbiza watu porini wakisikia mgambo wanapita. Kodi ya mapato ilibaki palepale. Kifungu unachokitafuta ni cha 4 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa 2004: kodi inatozwa kwa kila mtu mwenye jumla ya mapato katika mwaka. Imesema kila mtu, haikusema kila aliyeridhia. Bunge limetunga, ibara yako imetimia.

Swali la Ibara
Mbona basi mwajiriwa hajazi ritani, ile fomu ya kutangaza mapato ya mwaka? Kama ni wajibu wake, angedaiwa yeye.

Karani wa Mishahara
Kwa sababu kazi hiyo kabebeshwa mwajiri. Chukua mshahara wa 1,200,000. Toa kwanza mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10, yaani 120,000, inabaki 1,080,000. Milioni ya kwanza kodi yake ni 128,000. Zile 80,000 za juu zinakatwa asilimia 30, ambayo ni 24,000. Jumla 152,000, na mwajiri anatakiwa aipeleke ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kosa linalojirudia ni kupiga kodi kwenye 1,200,000 nzima kabla ya kutoa NSSF. Hapo mfanyakazi anapoteza 36,000 kila mwezi, na kwenye hati ya mshahara haonekani mwizi. Kaangalieni hati zenu leo.

Na niseme wazi: nchi hii wanaolipa kodi ya mapato ni waajiriwa. Wenye maduka wanatoa wanachojisikia.

Mswahili Ughaibuni
Samahani, naomba kuuliza. Mtu anafanya kazi Muscat, Oman, ana nyumba yake Tanga, anakuja Idi wiki mbili. Huyo ni mkaazi?

Mama Fremu
Wanachojisikia? Kaka Karani, umewahi kukaa upande wa pili wa kaunta? Duka la saruji linauza milioni 40 kwa mwaka. Kwenye saruji ukipata faida ya asilimia 5 baada ya kulipa gari na kibarua, umshukuru Mungu: hiyo ni milioni 2. Kodi ya mwenye mauzo ya milioni 11 hadi 100 inahesabiwa kwa asilimia 3.5 ya MAUZO, siyo ya faida. Piga: 1,400,000. Inabaki 600,000 kwa miezi 12. Mwajiriwa anayepata milioni 2 hizohizo kwa mwaka hakatwi hata shilingi, kwa kuwa 270,000 za kwanza za kila mwezi hazina kodi. Halafu mnashangaa Kariakoo kufunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024.

Karani wa Mishahara
Dada, hesabu yako ni sahihi, lakini hakuna aliyekufungia humo. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kuukataa mfumo wa mauzo kwa mwaka husika na kutozwa kwa faida. Mwenye faida ya milioni 2 hafiki 3,240,000 (270,000 mara miezi 12), kwa hiyo kodi yake ni sifuri. Anatakiwa awasilishe makadirio, ajaze ritani kabla ya Juni 30, na awe na vitabu. Chini ya mauzo ya milioni 100 hahitaji hata mkaguzi wa hesabu. Kinachowaangusha ni manunuzi yasiyo na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Umenunua mzigo wa milioni 38 kwa karatasi ya mkono, gharama inakataliwa, faida inapaa kwenye makaratasi. Mtunze risiti!

Mama Fremu
Risiti zenyewe, wauzaji wa jumla wanakuuliza, "unataka bei ya risiti au bei ya kawaida?" Na pango je? Sheria inamtaka mpangaji wa fremu, yaani chumba cha duka, azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini. Mwenye fremu anasema anataka 500,000 yake kamili mkononi. Anayelipa ni nani?

Wakili wa Mtaa
Kodi ni ya mwenye fremu, ila usipoizuia deni linahamia kwako. Na hapo wengi wanakosea hesabu, wanalipa 50,000. Kama yeye anapokea 500,000 safi, pango halisi ni 500,000 ugawe kwa 0.9, yaani 555,556, na zuio ni 55,556. Andikeni kwenye mkataba, kabla ya kusaini, kwamba pango ni 500,000 na zuio limo ndani. Mkishasaini bila neno hilo, mtavutana kila miezi sita.

Swali la Ibara
Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo: kodi hizi hazibebeki, na makadirio ya mamlaka ya kodi hayapingiki.

Wakili wa Mtaa
Hapana, hoja yako ilikuwa hazina sheria. Usihamishe magoli, mkuu. Na makadirio yanapingika: pingamizi la maandishi ndani ya siku 30 tangu upewe, ukiweka theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Kwenye 1,400,000 theluthi ni 466,667. Ukikaa kimya hadi siku ya 31, umeshakubali.

Mama Fremu
Mwenye duka kutenga 466,667 ili tu asikilizwe, hilo mnaliona dogo?

Mswahili Ughaibuni
Na wa Muscat jamani?

Wakili wa Mtaa
Kifungu cha 66 cha sheria ile ya 2004. Mwenye makazi ya kudumu nchini akikanyaga hapa sehemu yoyote ya mwaka ni mkaazi, hata kwa wiki mbili za Idi, na mkaazi anatozwa kwa mapato ya popote duniani. Asiye na makazi anapimwa kwa siku: 183 ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 kwa mwaka huo na miwili ya nyuma. Na asitegemee kupunguziwa hapa kwa kodi aliyolipa kule, maana Oman mshahara bado hautozwi. Yao inaanza 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka. Ubishi wote uko kwenye hiyo nyumba ya Tanga. Kama imepangishwa mwaka mzima na yeye akija analala kwa dada yake, ana la kusema. Kama kuna chumba kimefungwa kina kitanda chake, kazi ipo. Atunze pasi yenye mihuri na mkataba wa mpangaji.