Kuushughulisha mwili na utimamu wa mwili: ni kipi kinachokinga dhidi ya magonjwa sugu?

Muulizaji

Wazazi wangu wote wawili wana shinikizo la damu, na mama anaishi na kisukari cha aina ya pili tangu nikiwa shuleni. Mimi nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, na kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Kinachonisumbua ni kwamba bado nahema nikipanda ngazi za ghorofa tatu, ilhali mdogo wangu asiyefanya zoezi lolote huzipanda bila taabu. Uzito nao haujapungua. Je, matembezi haya yananikinga kweli, au kinachohesabika ni ule uwezo wa moyo na mapafu ambao mimi sina?

Jibu la kwanza

Ndugu, kuushughulisha mwili ni tendo, lakini utimamu wa mwili ni uwezo, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho moyo, mapafu na misuli vinaweza kuitumia kwa pamoja. Uwezo huo hujengwa na tendo, ila sehemu yake hurithiwa, na hata watoto wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Kwa hiyo usijipime kwa mdogo wako.

Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, ambao ulionyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Kuhusu uwezo wenyewe, Steven Blair na wenzake waliwafuatilia watu zaidi ya 13,000 waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, na mwaka 1989 wakaeleza kwamba tofauti kubwa zaidi ya vifo ilikuwa kati ya kundi lenye uwezo mdogo kabisa na kundi linalolifuata. Maana yake ni kwamba faida kubwa humwendea anayetoka chini kabisa, hata asipokuwa mwanariadha.

Jibu la pili

Mfano wa mabasi unahitaji tahadhari. Morris mwenyewe alirudi baadaye kuchunguza vipimo vya sare, akaona kwamba madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni tangu walipoajiriwa, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa imeletwa na ngazi.

Ndiyo maana mimi huuamini zaidi utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, ambamo watu wenye sukari iliyoanza kupanda waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu. Waliolenga dakika 150 za mazoezi kwa wiki pamoja na kupunguza uzito walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Tena, uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba hata miongoni mwa walioshindwa kufikia lengo la uzito, waliotimiza lengo la mazoezi walipata kisukari kwa uchache kuliko wasiolitimiza. Sababu yake inaeleweka: msuli unaojikunja hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata bila kuingojea insulini, ile homoni inayosaidia sukari kuingia kwenye seli, na baada ya zoezi huendelea kuiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, pengine hadi siku mbili. Hilo halionekani kwenye mizani, nami nakusihi usikate tamaa kwa sababu yake.

Jibu la tatu

Dakika zako 150 ni kiwango cha chini cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaotaja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mwili uliozoea mwendo uleule kwa mwaka mzima hauna sababu ya kuongeza uwezo. Chagua siku mbili, uingize dakika chache za mwendo wa kasi au wa kupanda kilima, kiasi cha kushindwa kuzungumza sentensi ndefu, kisha upunguze na kurudia. Lakini kwanza, kwa kuwa wazazi wako wana historia hiyo, pima shinikizo la damu na sukari. Na kama kuhema huko huambatana na maumivu ya kifua au kizunguzungu, mwone daktari kabla ya kuongeza lolote.

Muulizaji

Nashukuruni nyote. Sina maumivu ya kifua wala kizunguzungu, ila sijawahi kupima sukari hata mara moja. Nitaanza na hilo wiki hii, halafu nigeuze matembezi ya Jumanne na Ijumaa yawe ya kupanda kilima.