Tupeane uzoefu: ulikutana na mlioondoka nao baada ya miaka mingi ughaibuni, ikawaje?

Wakuu, kuna mzee mmoja wa kale hanitoki kichwani: Ignacy Domeyko, mwanajiolojia wa Polandi, kazaliwa 1802. Aliingia kwenye uasi wa 1830 dhidi ya Urusi, ukazimwa, akaishia Paris na mshairi Adam Mickiewicz, waliyesoma naye Vilnius. Mwaka 1838 akaenda Chile kufundisha kemia na madini Coquimbo. Mkataba wa miaka 6 tu. (Hiyo "tu" tunaijua sote.) Akaoa hukohuko, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chile kuanzia 1867 hadi 1883.

Paris alirudi 1884, miaka 46 imepita. Mickiewicz alishakufa tangu 1855, kazikwa Montmorency, karibu na Paris. Bohdan Zaleski, mshairi mwenzao, alikuwa hai bado, naye wa 1802. Watu kama hao wakikaa pamoja wanaanzia wapi? Kwa waliokufa?

Nianze na yangu. Mwaka 1987 tulitoka Tanga wanne kwenda kusoma Łódź, Polandi. Juzijuzi tumekutana Toronto, salamu ya kwanza ikatoka kwa Kipolandi! Mmoja wetu bado shilingi tano anaiita "dala", na anauliza nauli ya Korogwe kwa hesabu hiyohiyo. Tulimcheka. Kufika usiku nikagundua nami naongea vilevile.

Mtu wa Muscat: Baba alitoka Unguja 1964. Baada ya miaka thelathini akakutana na jirani yake wa mtaa wa Malindi, Unguja, nje ya msikiti hapa. Nilidhani watalia. Jirani kamtazama, kamwambia: "Weye! Pampu yangu ya baskeli iko wapi?" Ndipo wakashikana mikono, hawakuachana mpaka adhana ya pili.

Wa Bukavu: Yangu si ya kuchekesha. Tulikutana kwenye harusi Ubelgiji, kila jina nililouliza nikajibiwa "huyo alishatangulia". La tano nikaacha kuuliza, nikaomba sahani ya pilau.

Mwanzisha mada: Pole sana ndugu yangu. Wa Muscat, pampu ilirudishwa?

Mtu wa Muscat: Ipo Unguja kwa shangazi. Baba alitaka kuiagiza, mwenyewe akakataa: "Iacheni hukohuko, isije ikapotea njiani."