Mwongozo wa udahili uchapishe matokeo ya leseni ya kila chuo cha uuguzi. Mnasemaje?

Ndugu zangu, dirisha la maombi ya vyuo vya afya likifunguliwa, swali ni lile lile kila mwaka: kijana ana C ya Baiolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia, aombe uuguzi chuo gani? Na majibu ni yale yale. Nenda cha serikali, ada nafuu. Nenda cha misheni, wana nidhamu. Nenda cha mjini, kuna shangazi utafikia kwake. Katika hayo yote hakuna linalomwambia kijana kama atatoka pale akiwa anajua kuzalisha.

Hoja yangu ni hii. NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na Baraza la Uuguzi na Ukunga wakae pamoja, na mwongozo wa udahili uonyeshe mambo mawili kwa kila chuo. La kwanza, wahitimu wangapi walifanya mtihani wa leseni na wangapi walifaulu mara ya kwanza. La pili, wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, wodi ya wazazi ina vitanda vingapi, na wanafunzi wangapi wanaigawana.

Kwa wasioufahamu utaratibu: Stashahada ya Uuguzi na Ukunga ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 za tuzo za ufundi (NTA). Anayeomba anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza nzuri tu. Kwa Tanzania Bara maombi ya kozi za afya yanapita kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, na Zanzibar wana utaratibu wao. Mwongozo unakuonyesha jina la chuo, wilaya, mmiliki, sifa za kujiunga, muda wa kozi, nafasi na ada. Basi. Mzazi anachagua kwa ada na kwa wilaya kwa sababu ndivyo vitu alivyopewa avilinganishe.

Halafu miaka mitatu inapita, kijana anahitimu, na hapo ndipo anakutana na mtihani wa Baraza. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, cheti cha chuo peke yake hakikupi ruhusa ya kuuguza mtu. Lazima usajiliwe na uwe na leseni. Kipimo kikubwa kabisa cha chuo kinakuja baada ya chuo kushamaliza kupokea ada yote. Kwa nini matokeo ya kipimo hicho yasirudi kwa mzazi anayefuata, kabla hajatuma maombi?

Suala la wodi nalisisitiza zaidi, maana ndilo linalopuuzwa. Kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kwa fetoskopu, kujaza patografu (chati ya maendeleo ya uchungu), kutoa kondo la nyuma, kugundua mapema kwamba damu inayomtoka mama imezidi, kumfikia mtoto asiyelia kwa mfuko wa hewa ndani ya dakika ya kwanza: vitu hivi vinakaa mkononi kwa kurudiwa. Ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Hospitali nane za Tanzania zilipofundisha wakunga wake kumsaidia mtoto mchanga kupumua, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Lakini hospitali ya Haydom kule Manyara waliona jambo ambalo kila mwombaji wa uuguzi angepaswa kulijua: mafunzo ya siku moja peke yake hayakubadilisha kazi ya mkunga pale leba. Yalipofuatwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, ndipo mambo yakabadilika. Hao walikuwa wakunga wenye leseni tayari. Sasa mwanafunzi anayepanga foleni nyuma ya wenzake kumi kumwangalia mama mmoja akijifungua, atarudia lini?

Karibuni. Anayepinga aseme sababu.

Mkufunzi, Kanda ya Kusini

Napinga, na nitasema waziwazi kwa nini. Mimi nafundisha chuo cha pembezoni. Wanaoletwa kwetu wengi ni waliokosa nafasi walikotaka, wametoka shule za kata ambazo maabara ya Kemia ni kabati. Tunawapokea na D zao, tunaanza nao mbali. Ukiweka asilimia ya leseni kwenye mwongozo, chuo kilichopokea vijana wenye B kitaonekana kinafundisha vizuri, na sisi tutaonekana hatufai, hata kama kazi tuliyofanya ni kubwa mara mbili.

Pili, mnajua chuo kitafanya nini kulinda asilimia yake? Kitawachuja. Mwanafunzi wa wastani atapewa sapu (mtihani wa marudio), atakeri (abebe somo hadi mwaka unaofuata), atadisko (aondolewe chuoni), ili asifike kwenye mtihani wa leseni akaharibu takwimu. Mtoto wa maskini atakuwa amelipa ada ya miaka miwili na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Tatu, Baraza la Mitihani (NECTA) wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora. Walikuwa na sababu. Kwa nini tuyaanzishe upya mashindano hayo kwenye afya?

Muuguzi, hospitali ya wilaya

Mwalimu ana hoja kwenye asilimia, mimi nitamwachia. Ila kuhusu wodi nataka kuwarekebisha wengi mnaodhani hospitali kubwa ndiyo shule nzuri.

Nimefanya kazi hospitali ya rufaa na sasa niko wilayani. Kule rufaa, mama mwenye tatizo akifika anazungukwa na bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wa udaktari, wanafunzi wa shahada ya uuguzi. Mwanafunzi wa stashahada anaona migongo. Atajifunza magonjwa mengi kwa macho, hilo sikatai, na ataona vifaa ambavyo kwetu havipo. Lakini huku wilayani zamu ya usiku tuko wawili leba, na mwanafunzi akija tunamkabidhi mama, tunasimama pembeni yake. Akimaliza wiki nne za usiku mikono yake ina akili.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa chuo si "hospitali yenu ina vitanda vingapi" tu. Muulize vyuo vingapi vinaleta wanafunzi pale, na kama kuna mkufunzi anayekaa wodini au wanafunzi wanaachiwa sisi wenye zamu. Sisi tuna wagonjwa. Chuo kikituletea watu thelathini asubuhi bila mkufunzi, tutawatuma maabara kupeleka damu na kutandika vitanda, na mwisho wa wiki tutaombwa tusaini kitabu cha vitendo kwamba wamejifunza. Saini hizo zinatolewa kirahisi mno, na hapo ndipo panapozaliwa muuguzi anayeogopa leba.

Mzazi, Singida

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi mkulima wa alizeti, binti yangu amepata daraja la III, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Kinachonisumbua ni kwamba ada ya kwenye mwongozo ni mwanzo tu. Fomu ya kujiunga ikija ndipo unaona sare, viatu, bima, michango ya mitihani, hosteli, nauli na chakula cha wakati wa mazoezi nje ya chuo. Chuo chenye ada ndogo kinaweza kuishia kuwa ghali kuliko jirani yake. Nilisikia mikopo ya stashahada imeanza, nikafurahi. Naomba ufafanuzi hapo.

Na swali langu: chuo binafsi kilichopo hapa mjini, alale nyumbani, au cha serikali mkoa wa mbali? Majibu yenu ya asilimia na vitanda ni mazuri ila mimi fomu naijaza wiki hii.

Mhitimu, Dar es Salaam

Mnazungumzia leseni kama ndiyo mwisho wa safari. Mimi ninayo. Nilifaulu mara ya kwanza, sasa najitolea zahanati kwa posho ya nauli, nasubiri tangazo la Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II nikagombanie na waliomaliza miaka mitatu kabla yangu. Chapisheni pia wahitimu wangapi wa kila chuo wameajiriwa.

Mleta hoja

Nianze na mzazi, maana ana wiki moja.

Mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024, lakini haitolewi kwa kila kozi. Bodi ya Mikopo inatoa mwongozo wenye orodha ya fani zinazostahili. Soma orodha ya mwaka huu, utafute uuguzi kwa jina lake, usiridhike na neno "afya". Usipoukuta, panga bajeti kana kwamba mkopo haupo.

Kuhusu chuo, baba yangu, fanya hivi. Hicho cha mjini kipo karibu, nenda mwenyewe hospitali wanakofanyia mazoezi. Wanafunzi wa uuguzi utawajua kwa sare. Waulize wawili watatu wa mwaka wa mwisho, mbali na walimu wao: umezalisha wangapi kwa mkono wako, mkufunzi wako anakuja wodini mara ngapi kwa wiki, wanaodisko darasani kwenu ni wangapi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana sababu ya kumdanganya mzazi. Kisha piga simu chuo cha mbali, uombe fomu ya kujiunga ya mwaka uliopita, ujumlishe gharama zote za miaka mitatu, siyo za mwaka wa kwanza peke yake. Na uhakiki usajili wa vyote viwili kwenye orodha ya NACTVET. Kama cha mjini kinampeleka binti leba na kinamrudisha anajua kazi, kulala nyumbani ni akiba kubwa, mchagulie hicho bila kuona aibu kwamba si cha serikali. Kama wanafunzi wake wanakujibu kwa kutazama chini, mpeleke mbali.

Lakini tazameni tulichomwambia huyu mzee: afanye upelelezi mlangoni mwa hospitali ili apate taarifa ambazo chuo kinazo ofisini. Mzazi wa Kibondo anayetaka kumpeleka mtoto Tukuyu atapeleleza vipi?

Mwalimu wa Kusini, hofu ya kuchuja ni ya kweli, na ina dawa. Hesabu isianzie kwenye waliofanya mtihani. Ianzie kwenye waliopokelewa mwaka wa kwanza: waliingia wangapi, walihitimu wangapi, walipata leseni wangapi. Chuo kinachofukuza wanafunzi ili kipendeze kitaonekana pale pale, kwenye pengo kati ya namba ya kwanza na ya pili. Na ninyi mnaowapokea wenye D mkawafikisha kwenye leseni, hiyo ndiyo namba itakayowatetea, kwa kuwa mwongozo ukiweka na alama za waliopokelewa kila mtu ataona mlianza nao wapi. Itolewe kwa jumla ya miaka mitatu, ili chuo kidogo kisihukumiwe kwa mwaka mmoja mbaya.

NECTA waliacha kupanga kumi bora. Matokeo ya kila shule hawakuyaficha, mpaka leo unafungua na kuyasoma. Ninachoomba ni hicho tu, sihitaji orodha ya washindi.

Mdogo wangu wa Dar, pole. Ajira ni suala la serikali kutoa vibali huku vituo vikiwa na upungufu, na sioni haki kumbebesha chuo lawama hiyo. Lakini mwombaji aambiwe ukweli kwamba kuna kusubiri. Hilo nakuunga mkono.

Sista wa wilayani, umenisahihishia kipimo changu. Vitanda peke yake havitoshi. Iwe idadi ya wanaojifungua kwa mwezi kwa kila mwanafunzi aliyepo wodini, kutoka vyuo vyote vinavyotumia hospitali hiyo.

Mkufunzi, Kanda ya Kusini

Hesabu inayoanzia mwaka wa kwanza naikubali. Bado asilimia ya leseni siitaki kwenye mwongozo, kwa sababu mzazi atasoma namba ya mwisho na kuziruka zile mbili za mwanzo. Hao tunaowatetea hapa ndio watakaovikimbia vyuo vya pembezoni, halafu mikoa yetu ikose wauguzi, maana aliyesoma Dar harudi Newala.

Ila hiyo ya wanafunzi kwa wodi, chapisheni hata kesho. Hospitali moja isipokee vyuo vitatu bila kikomo. Baraza liweke idadi ya juu ya wanafunzi kwa kila leba, na NACTVET wasikipe chuo nafasi za udahili zinazozidi idadi hiyo. Kwetu tunanyang'anyana wodi na vyuo vilivyofunguliwa juzi, na hakuna wa kumwambia mwenzake asubiri nje.

Mleta hoja

Kikomo cha leba kinaingia kwenye hoja, mwalimu, tena kinatangulia, kwa kuwa kinamlinda hata mama anayejifungua mbele ya kundi la wageni. Kwenye namba ya leseni sisogei. Tukidhani wazazi watasoma vibaya, tuwaandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka, namba tatu mstari mmoja, na alama za kuingilia pembeni.

Wengine mliosomea Ndanda, Mirembe, Korogwe, Nzega, kokote: semeni wodi zenu zilikuwaje. Mzee wa Singida bado anasoma.