Kifungo cha nje na pesa za kila mwezi: mliopitia, tupeane uzoefu

MtuWaTudor
Assalamu alaikum ndugu na dada. Jana usiku binamu yangu wa Houston kanipigia simu analia. Yuko probesheni, yaani kifungo cha nje cha kuripoti kwa afisa, kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa, na kila mwezi hulipa dola 60 za kusimamiwa. Texas sheria imeweka kati ya dola 25 na 60 kwa mwezi. Yeye kapigwa ya juu. Bado darasa la pombe analilipia, kupimwa mkojo pia ni pesa zake. Kazi ya ghalani imemtoka, ana deni la miezi mitatu na anaogopa hata kwenda kuripoti. Sisi tuliozoea kuletewa kutoka Marekani, leo tunachanga kumpelekea. Nikamkumbuka marehemu baba na kifungo chake cha nje hapa Mombasa. Ofisi haikumwitisha hata senti, ila nauli ilitumaliza. Mlioonja haya, hebu semeni.

KivukoniDaima
Nauli na kibarua! Mimi natoka Mtongwe. Siku ya kuripoti mjengoni hawakungoji, mtu mwingine keshashika koleo lako. Sh 800 zimekwenda na hakuna anayezihesabu.

Bi_Kaskazi
Kweli tupu.

MlipaKodi
Mimi naona Texas wako sawa. Aliyekosa ndiye agharamie. Kwa nini kodi yangu imlipie afisa wa kumchunga mlevi?

MamaMikindani
Na akipelekwa jela ya Shimo la Tewa, ugali na askari vinalipwa na nani? Si kodi hiyo hiyo, babangu?

MpakiziKongowea
Sijawahi kuandika haya popote. Nilipigana na mwenzangu sokoni tukigombania lori la vitunguu, nikamvunja mkono. Korti ikanipa probesheni miezi 12, niripoti kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi.

Siku ya kwanza, langoni nikamkuta jamaa wa makamo, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Akaniuliza, "Wewe ni wa uangalizi?" Nikasema ndiyo. Akafungua daftari la kurasa 32, kalamu imefungwa uzi kwenye waya wa daftari, akaandika jina langu (alilikosea, sikumsahihisha) na mbele yake 500. "Ada ya mwezi. Ukishalipa, ingia." Nikalipa. Ndani afisa akanihoji vizuri tu, habari za kazi, za nyumbani, akatia sahihi. Pesa hakuzitaja, nami nikadhani anajua kuwa nimeshalipia langoni.

Miezi minne hivyo. Mwezi wa tano mtoto akaugua kifua, pesa zote zikaishia kwenye dawa. Jumatatu nikaamka, nikavaa, nikafika mpaka kituo cha matatu, nikarudi. Niliona aibu kumkabili yule mtu mkono mtupu. Mwezi wa sita pia sikwenda. Alfajiri moja mlango ukagongwa. Nilitolewa mbele ya wanangu nikiwa na kikoi tu.

Hakimu akaniuliza, kwa nini umeacha kuripoti? Nikasema, mheshimiwa, sikuwa na pesa ya uangalizi. Akamgeukia afisa: "Pesa gani?" Afisa akanitazama mimi. Karani akaacha kuandika. Hapo ndipo nikajua. Nilikuwa nikijificha kwa deni ambalo halipo, na kidogo linipeleke ndani. Nilionywa, nikarudishiwa kifungo changu cha nje. Yule wa langoni sikumwona tena.

Bi_Kaskazi
Subhanallah. Nimesoma mpaka machozi.

MlipaKodi
Pole. Lakini ulimvunja mtu mkono. Yeye alilipwa na nani?

DadaWaChangamwe
Hapo nakuunga mkono kidogo, maana dada yangu alipigwa chupa na aliyempiga akapewa kifungo cha nje. Mwenye pesa ya kutoa ampe aliyemuumiza. Korti inaweza kumwamuru alipe fidia, na sisi tulipata angalau ya hospitali. Hiyo dola 60 ya Texas inamfuta nani damu?

MlipaKodi
Sawa, fidia naikubali. Ada bado naitaka.

MamaMikindani
Basi kaitake peke yako.

KaraniMstaafu
Wanangu, nisikizeni. Sheria ya uangalizi ya hapa Kenya, Sura ya 64, inatoa miezi 6 hadi miaka 3, na haina ada ya kusimamiwa. Kazi ya jamii chini ya sheria ya 1998 ni vivyo hivyo, unatoa jasho, hutoi hela. Pesa halali ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa serikali, nambari ya malipo 222222, na ina risiti. Ukipewa nambari ya simu ya mtu, ondoka.

MtuWaTudor, binamu asijifiche. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1983, kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, kwamba mtu hafutiwi probesheni akafungwa kwa kukosa kulipa kabla korti haijauliza kama kweli hana. Aende na barua ya kuachishwa kazi, aombe apunguziwe au asamehewe.

KivukoniDaima
Mimi ningemwambia akope alipe, mambo ya korti hayana mwisho. Au ahamie California, nasikia ada hizo walizifuta.

KaraniMstaafu
Walizifuta kweli, tangu Julai 2021. Lakini aliye probesheni hahami bila ruhusa. Na asikope.

MtuWaTudor
Nimempigia sasa hivi. Barua anayo, hakujua ina kazi. Kesho asubuhi ya kwao ataripoti.

MamaMikindani
MpakiziKongowea, huyo wa kalamu ya uzi, ana kovu juu ya jicho? Kaka yangu ameanza kuripoti mwezi jana na aliniomba 500 "ya ofisi". Ngoja nimpigie.