Kikohozi na madoa ya meno miaka mingi baada ya Nyiragongo: je, chanzo ni mlipuko?

Binti wa Virunga
Ndugu zangu, nawasalimu. Nyumba yetu ya Goma, mashariki mwa Kongo, iliteketezwa na lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ya volkano ya Nyiragongo mwezi Januari 2002, nasi tukahamia upande wa Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, ambako tulikunywa maji ya mvua kwa miaka mingi. Baadaye tulirudi mjini, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka, tukakimbia tena. Mama ana kikohozi kikavu kisichokwisha, na mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya mlipuko wa kwanza, ana madoa ya kahawia kwenye meno ambayo mswaki hauyaondoi. Mama anaamini kwamba yote hayo yaliletwa na moto wa 2002. Je, tukio la siku chache linaweza kudhuru mwili kwa muda mrefu hivyo?

Muuguzi wa Kivu
Dada, pole sana kwa yaliyowapata. Nadhani tusiitazame siku ya lava peke yake. Baada ya 2002 ziwa la lava lilijiunda upya ndani ya kreta, yaani shimo la kileleni, likatoa moshi mfululizo hadi lilipokauka katika mlipuko wa 2021, na kwa kuwa upepo mara nyingi huusukuma moshi huo upande wa magharibi, watu wa Sake na Rusayo wameuvuta kuliko sisi wa mjini. Gesi ya salfa iliyomo huchokoza njia za hewa na humtesa zaidi mwenye pumu. Majivu ya baadhi ya milima, kama yale ya kisiwa cha Montserrat huko Karibi, yana chembe ndogo za madini ya silika zinazoweza kuacha makovu katika mapafu, lakini lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza na hofu hiyo. Naomba sana Mama apimwe kifua kikuu, kisha mumweleze daktari pia kuhusu moshi wa makala anayopikia, kwa sababu kikohozi cha miaka mingi kikihesabiwa kuwa cha volkano tu, ugonjwa unaotibika unaweza kupita bila kuonekana.

Mwalimu wa Arusha
Kuhusu meno, huku kwetu chini ya Mlima Meru tunayajua vizuri madoa hayo. Husababishwa na madini ya floraidi yanayozidi katika maji anayokunywa mtoto wakati meno ya kudumu yanajijenga ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo. Kwetu floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika chemchemi. Kwenu, moshi wa mlima huitia moja kwa moja katika mvua inayojaza matangi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtu akiendelea kunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huathirika, na hilo ni zito kuliko rangi ya meno.

Mkimbizi wa Mei
Naomba tusisahau afya ya akili. Baada ya lava ya 2021 kusimama Buhene, pembezoni mwa Goma, ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei tukaamriwa kuondoka, wengi kwa miguu, bila kujua kama tungerudi. Hadi leo gari kubwa likipita usiku mwanangu huamka akitafuta viatu. Huko Iceland, miezi kadhaa baada ya mlipuko wa Eyjafjallajökull wa 2010, watafiti waliwakuta wakazi wa karibu na mlima wakiwa na kikohozi na msongo wa mawazo kuliko watu wa mbali. Mama akipelekwa hospitali, aulizwe pia kuhusu usingizi wake.

Binti wa Virunga
Nawashukuru kwa moyo wote. Tuna watoto wadogo wa ndugu zetu waliobaki Sake. Je, maji ya tangi yakichemshwa, floraidi huondoka?

Mwalimu wa Arusha
Haiondoki, dada. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki ileile. Pimeni maji ya tangi kwanza. Yakizidi kiwango, tafuteni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama linalotengenezwa katika kituo cha Ngurdoto hapa kwetu, na mkaa wake ubadilishwe kila unapochoka. Chujio likichelewa kupatikana, maji kidogo ya chanzo kingine kilichopimwa yawekwe kwa ajili ya watoto kunywa na kupikiwa uji, na yale ya tangi yatumike kufulia nguo.