Jumla ya akiba ya SACCO imegoma kwenye 2,147,483,647. Naombeni ushauri

MwekaHazina_WestNile: Habari zenu ndugu. Ninatunza hazina ya SACCO ya wakulima huku West Nile, Uganda. Programu yetu huonyesha jumla ya akiba zote tulizopokea tangu tuanze. Tangu Jumatatu inasoma 2,147,483,647 na haipandi. Jana nimeingiza zaidi ya milioni tatu, namba ikabaki pale pale. Wanachama wameanza kunong'ona kwamba nakula pesa zao, na mkutano ni Jumamosi. Nifanyeje?

Mama_Koboko: Pole sana kaka. Stakabadhi unazo? Usisaini maelezo yoyote kabla hujazihesabu.

MwekaHazina_WestNile: Ninazo zote mama, na daftari la mkono pia.

Mwalimu_Mbale: Wanachama wako huweka kiasi gani kwa kawaida?

MwekaHazina_WestNile: Mafungu ya 500, mwalimu. Chini ya hapo hatupokei.

Mwalimu_Mbale: Basi hakuna jumla ya akiba zenu inayoweza kuishia na 647. Hiyo si pesa iliyohesabiwa, ni ukomo wa mashine, na mimi naipenda namba hiyo tangu nikiwa chuoni. Andika 1, 2, 4, 8, kila mara ukizidisha kwa mbili, mpaka ziwe namba 31. Zijumlishe, utaipata. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1.

Tena ni namba tasa. Mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha hilo mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341, kwa hiyo angepaswa kujaribu vigawo hadi hapo. Lakini alionyesha kuwa kigawo tasa chochote lazima kiache baki ya 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Zinabaki namba 373 tu za kuchunguza, na nyingi kati yake si tasa, unaziruka. Hakuna iliyoigawa. Kwa miongo mingi haikupatikana namba tasa kubwa zaidi.

Fundi_Ntinda: Asante mwalimu. Ndugu mweka hazina, kompyuta imetengewa biti 32 kwa namba hiyo, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Moja hubeba alama ya kujumlisha au kutoa, 31 zinabaki. Zote zikiwa 1, kibaba kimejaa, unachoongeza kinamwagika. Aliyewatengenezea programu aliweka safu ya jumla kuwa INT, aina ya namba yenye biti hizo 32. Abadilishe iwe BIGINT, yenye biti 64, inafika 9,223,372,036,854,775,807. Kabla hajagusa kitu, atoe nakala ya kumbukumbu zote. Kisha jumla ihesabiwe upya kutoka kwenye amana moja moja. Asiendeleze kutoka hiyo iliyokwama.

Kagueni na tarehe. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti hizo hizo 32, na zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Mama_Koboko: Nenda na daftari mkutanoni, ulifungue mbele yao. Mpe mwanachama anayelalamika sana asome mwenyewe.

MwekaHazina_WestNile: Ndugu zangu, narudi kushukuru. Safu imebadilishwa jana, jumla ni 2,158,206,500, na daftari linasema hivyo hivyo. Mama, aliyesoma ni mzee aliyekuwa akinituhumu. Amenishika mkono mbele ya watu. Fundi, ulisema kweli kuhusu tarehe: mkopo mmoja wa kiwanja unaoisha mwishoni mwa Machi 2038 ulikuwa unasomeka Februari 1902. Nao unarekebishwa wiki hii.