Kuku wa mayai wanakaa chini, ganda jepesi: joto au chakula?

tetea_pwani: Wadau, kuku 300 wa mayai, wiki ya 34, banda la bati Kibaha. Saa nane mchana ndani ni nyuzi 34. Maganda yamekuwa mepesi, na kila asubuhi kuku mmoja au wawili wanakutwa wamekaa chini, hawasimami. Hawaharishi, chanjo zote wamepata. Chokaa ya unga ipo kwenye chakula, kalsiamu asilimia 4. Joto linaweza kugusa mifupa?

mchanganya_chakula: Linagusa, mkuu. Kuku hatoki jasho, hujipoza kwa kuhema. Akihema sana kabonidayoksaidi inapungua damuni, na bikaboneti ya kujengea ganda inapungua nayo. Papo hapo hamu ya kula inashuka: akila gramu 110 anapata kalsiamu gramu 4.4, akila 80 anapata 3.2, na hafyonzi yote. Ganda moja linataka karibu gramu 2. Pengo linazibwa na mifupa.

Shida nyingine ni unga wenyewe. Ganda hujengwa usiku, na unga huwa umeshapita tumboni. Nusu ya chokaa iwe vipande vya milimita 2 hadi 4, au maganda ya chaza yaliyopondwa, wapewe saa kumi jioni. Chokaa ya kujengea usiiguse, inaunguza.

daktari_mifugo: Naongezea upande wa homoni. Joto linapandisha kotikosteroni, homoni ya msongo, inayodhoofisha seli zinazojenga mfupa, na linashusha homoni za thairoidi, ndiyo maana hata vifaranga hudumaa. Tetea anayetaga ana estrojeni inayojenga akiba ya mfupa ndani ya mifupa mirefu. Akiba ikiisha, mfupa wenyewe unamegwa, na haujengwi upya maadamu anataga.

Aliyekaa chini mtenge leo hii, kwenye maranda, maji na vipande vya chokaa viwe karibu na mdomo. Wengi husimama baada ya siku chache. Akiachwa bandani hukanyagwa na kufa kwa kiu. Mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, shuku Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu.

mchanganya_chakula: Vitamini C gramu 200 kwa tani, bikaboneti ya soda kilo 2, na chumvi uipunguze, la sivyo kinyesi kitakuwa maji. Lisha alfajiri, ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha saa kumi.

tetea_pwani: Nimwagie maji ndani?

daktari_mifugo: Hapana. Hewa ya Pwani ina unyevu tayari, maji hayakauki. Fungua kuta, paka bati chokaa nyeupe, weka feni.